Dakika Kumi na Tano za King'amuzi

Namba mia na kumi na nne iliitwa mara mbili bila mtu kusimama. Mara ya tatu fundi wa dirisha la tatu akaongeza la kwake: "Mia na kumi na nne, kama umeolewa humohumo kwenye foleni, tuambie tulete zawadi!"

Ukumbi mzima wa huduma kwa wateja ukacheka. Watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni, kila mmoja na king'amuzi chake cha televisheni mapajani. Kwenye viti vya nyuma akainuka dada aliyevaa gauni la buluu na viatu bapa, koti jeupe la kazini limening'inia mkononi, mfuko ameukumbatia kama mtoto mchanga.

"Samahani kaka, nilikuwa nasoma lile bango nyuma yako. 'Tunakuhudumia kwa tabasamu.' Nikawa nalitafuta hilo tabasamu lenyewe."

"Limepelekwa matengenezo," fundi akajibu, na papo hapo likarudi, jeupe, upande mmoja limepinda kidogo. "Haya, mgonjwa wetu anaumwa nini?"

Akatoa king'amuzi. Kilikuwa kimesuguliwa kiking'aa, kinanukia sabuni.

"Kinajizima. Kinawaka vizuri, picha safi, halafu katikati ya taarifa ya habari, giza. Ukibonyeza rimoti hakisikii. Ukibonyeza chenyewe hakisikii."

"Umeme wenu unayumba?"

"Hauyumbi."

"Mmekiweka karibu na jiko? Juani?"

"Sebuleni, kwenye rafu, kivulini, peke yake kama mfalme."

Fundi akakiinua karibu kabisa na pua, akakodoa. "Mna paka?"

"Hatuna. Kwa nini?"

"Kuna nyuzi nyekundu zimenasa kwenye matundu ya hewa." Akazichomoa kwa kibano, akazipuliza zikapotea. Kisha akakichomeka mezani kwake. Wakakitazama nusu saa, kisha saa nzima, huku akihudumia wengine. King'amuzi kikaonyesha mpira, mapishi na mahubiri bila kutikisika.

"Unaona?" akasema fundi. "Ni kama mgonjwa anayepona akimwona daktari. Chukua namba yangu. Kikijizima, nipigie palepale. Na uandike kwenye daftari: siku, saa, kimekaa muda gani."

Dada akachukua namba, akaacha kadi yake juu ya meza. "Na wewe ukishindwa kusoma ule ubao wa namba, nipigie palepale."

"Nani kakwambia sioni?"

"Mimi ni mpima macho. Kila ukiita namba unakunja uso kama umeonja ndimu."

Akaondoka. Fundi akaitazama ile kadi kwa mbali, herufi zikacheza. Akaisogeza karibu, zikatulia. Akajiuliza ni lini mara ya mwisho mtu alimwangalia hata akaona kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui.

Kesho yake, saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni, simu ikalia.

"Kimejizima."

"Dokta!"

"Mpima macho. Na kimejizima."

"Chomoa waya ukutani. Usiuchomeke mpaka zipite dakika..." Maelekezo yaliyobandikwa ukutani kwake yalisema tano. "Dakika kumi na tano," akasema, na mwenyewe akashangaa kumi za nyongeza zimetoka wapi. Ulimi ulikuwa umeshamtangulia.

"Nyingi hivyo? Haya. Sasa nifanye nini muda wote huo?"

"Niulize kitu."

Mpima macho alikuwa amesimama koridoni kwao, mgongo ukutani. Akafikiri. "Mtu akikuletea king'amuzi, unajuaje kama anasema kweli?"

"Watu hawadanganyi kuhusu ving'amuzi. Wanadanganya kuhusu aliyeviangusha. Zamu yangu: umewahi kupima macho ya mtu ukakuta hana tatizo, amekuja tu?"

"Mmoja. Bibi mmoja. Alisema nyumbani hakuna anayemwangalia usoni."

"Ukamwambiaje?"

"Nikampima tena, polepole."

Dakika kumi na tano zikaisha kama kufumba na kufumbua. King'amuzi kikawaka, wakaagana. Siku iliyofuata kikajizima tena, na siku iliyofuata. Karibu kila jioni, swali kwa swali. Kwa nini watu wakiongea na simu hutembea? Unaogopa nini ambacho si nyoka? Ukiwa mtoto ulidhani wasomaji wa habari wanaishi wapi? Wiki ya pili "Dokta" akawa "Dokta wangu," na "kaka" akawa "wewe mtundu." Kuna siku simu ilichelewa, na fundi akajikuta anakiombea king'amuzi cha watu kiharibike. Akajionea aibu.

Jambo moja mpima macho hakulisema. Alisema tu kwamba wazazi wake hupenda taarifa ya habari. Habari ya baba yake ilikuwa bado mbichi mdomoni.

Baada ya wiki mbili akarudi ukumbini, king'amuzi mfukoni na daftari mkononi. Alivaa blauzi ya njano ambayo haikuwa ya kazini. Dirisha la tatu lilikuwa wazi, mwenyewe ameenda kunywa chai. Dada wa dirisha la pili, mama wa mapacha asiyejua kuzunguka maneno, akamwita.

"Njoo mdogo wangu. Kikijizima uliambiwa ufanyeje?"

"Nichomoe, nisubiri dakika kumi na tano."

"Kumi na tano? Unachemsha maharage? Ni tano tu. Si hiyo karatasi hapo ukutani!"

Fundi akaingia na kikombe cha chai, akakuta nyuso mbili zinamwangalia. Moja inacheka. Nyingine haicheki.

"Ni tano au kumi na tano?" akauliza mpima macho.

"Ni... tano."

"Na zile kumi?"

"Zilikuwa zangu." Akajaribu kutabasamu. "Nilitaka tuongee."

"Ungeomba."

"Niliona..."

"Ulionaje? Wewe huoni hata ubao." Sauti yake ikashuka badala ya kupanda, na hilo likamtisha fundi zaidi. "Baba yangu amepata kiharusi. Miaka thelathini alikuwa anaita majina ya watu mahakamani, sauti inafika barabarani. Sasa hana maneno. Mtaalamu wa hospitali alisema amfuatishe msomaji wa habari, neno kwa neno, taarifa nzima ya dakika arobaini na tano, kila siku. Ndiyo dawa yake. Kidude kikijizima anabaki mdomo wazi, anaangalia kioo cheusi, halafu jioni nzima hasemi tena. Miezi mitatu hajawahi kufika mwisho, msomaji anapoaga. Tukikiwasha baada ya dakika zako kumi na tano, ameshaaga. Zingekuwa tano, angewahi."

"Sikujua."

"Hukujua. Lakini ulijua ni tano."

Akaondoka na king'amuzi. Daftari likabaki mezani. Dada wa dirisha la pili akaisogeza kalamu yake huku na huko, asijue la kufanya na mikono. "Mdomo wangu huu," akanong'ona.

"Si mdomo wako, dada," akasema fundi. "Ni wangu."

Siku hiyo alipiga simu mara nne, haikupokelewa. Akaandika: "Nimekosa. Nisamehe." Siku ya tatu, jioni, ujumbe ukaingia:

"Juzi nilisubiri dakika tano zako za kweli. Hakikuwaka. Jana tano. Hakikuwaka. Leo nimesubiri kumi na tano, kimewaka. Sijakusamehe. Nataka tu kujua kwa nini."

Fundi akausoma mara tatu. Uongo wake ulikuwa umefanya kazi ambayo ukweli umeshindwa, na hilo halikumpa raha, lilimpa swali. Kitu kinachohitaji dakika kumi na tano kupona hakijaharibika. Kinapoa. Lakini kinapataje joto kivulini, na mbona pale mezani kilikaa saa nzima bila tatizo?

Akalifungua daftari. Mwandiko wa wima, safi. Jumatatu, dakika thelathini na nne. Jumanne, thelathini na sita. Jumatano, thelathini na tano. Jumapili: "Hakikujizima. Wajukuu wa baba walishika rimoti, katuni kutwa nzima." Jumapili ya pili: "Hakikujizima. Katuni."

"Labda kinapenda katuni," akasema dada wa dirisha la pili akichungulia begani.

"Au Jumapili kuna kitu hakipo," akasema fundi.

Kesho yake aliomba ruhusa, akaifuata anwani ya ile kadi hadi duka la miwani, akachukua namba na kusubiri zamu kama watu wote. Namba yake ilipoitwa akalikuta koti jeupe mbele yake, na juu ya koti uso usiotabasamu.

"Nimekuja kupimwa," akasema.

"Kaa hapo. Ziba jicho la kushoto. Soma mstari wa tatu."

"Siuoni."

"Wa pili."

"Siuoni. Nimekosa, Dokta. Sikuja kujitetea. Nilichukua muda ambao si wangu, na sikuuliza ni wa nani."

"Wa kwanza."

"Herufi moja. Kubwa."

Mpima macho akaandika kitu. Akabadilisha lenzi. Mkono wake ulipogusa kipaji cha uso wa fundi, wote wawili wakajifanya hawakuhisi. "Vibaya sana," akasema. "Umeishije hivi?"

"Kwa kusogelea. Naomba nikuulize swali moja. La king'amuzi."

"Uliza." Udadisi ulikuwa umeshaishinda hasira yake, na alijua.

"Jumapili kwenu kuna tofauti gani?"

"Wajukuu wanakuja. Tunapika kingi. Kelele."

"Sebuleni. Kwenye rafu."

"Hakuna tofauti. Baba anakaa palepale. Mama anafua."

"Anafua nini?"

"Kila kitu. Mashuka, mapazia, vitamb..."

Akasimama na lenzi mkononi. Akaiweka chini taratibu.

"Rangi gani?" fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Nyekundu. Uzi wa sufu." Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa cha pili. "Mama alikifuma kile kitambaa hospitalini, siku kumi na moja ameketi kando ya kitanda cha baba. Baba aliporudi nyumbani, mama akakivalisha king'amuzi. Kimekaa kama kofia, mbele ameacha nafasi ya taa tu. Na kila nikileta king'amuzi kwenu anakivua, anakisugua. Anasema mgonjwa hapelekwi hospitali na blanketi la nyumbani." Akafunika macho. "Uliniuliza jiko. Uliniuliza jua. Mimi mpima macho, nimekaa mbele ya kile kitambaa miezi mitatu, sijakiona."

"Na mimi nilizishika nyuzi zake kwa kibano, nikazipuliza."

Wakaangaliana. Kicheko kikawatoka pamoja, kidogo, kisha kikakatika palepale, maana wote wawili walifikia neno moja kwa wakati mmoja.

"Mama," akasema mpima macho. "Tutamwambiaje?"

Saa kumi na nusu walikuwa mlangoni. Mama alifungua, kanga mabegani, akamtazama fundi juu hadi chini.

"Kumbe ndiye wewe! Mwanangu anavyokimbilia koridoni na simu, nilidhani anatafutwa na polisi. Karibu, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, shati limepigwa pasi, vifungo hadi shingoni, tayari kwa kazi. Alimpa fundi mkono wa kushoto, ule wenye nguvu. Na kwenye rafu, king'amuzi kimeketi ndani ya sufu nyekundu nzito, maua manne pembeni, kila tundu la hewa limezibwa vizuri.

Fundi alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Alikuwa na maelezo mazuri ya joto na hewa. Alipouona ule mshono, maelezo yakamkimbia. "Mama," akasema, "kazi hii ni nzuri mno kuvalishwa kidude."

Mama akamwangalia, akamwangalia binti yake, kisha king'amuzi. Hakuwa mtu wa kufichwa.

"Nimekiziba pumzi, siyo?"

Binti yake akaitazama sakafu.

"Semeni. Ni mimi niliyekuwa namnyamazisha baba yenu?"

"Ulikuwa unakikinga na vumbi, mama," akasema binti.

"Vumbi!" Mama akakivua kile kitambaa, akakishika kwa mikono miwili kama anayekipima uzito. Ndipo baba alipougonga mkono wa kiti mara mbili, akanyoosha ule mkono wa kushoto kuelekea kitambaa, na hakuushusha mpaka mama alipokuja akamtandikia magotini. Baba akakipapasa, ua kwa ua.

"Basi akivae mwenye baridi," akasema mama, akajifuta uso kwa pindo la kanga.

Saa kumi na moja taarifa ikaanza. Msomaji akasema, baba akafuata nyuma yake, nusu neno, neno, wakati mwingine mngurumo tu. Dakika ya thelathini na nne hakuna aliyepumua. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Fundi alikuwa amekodolea ile taa ya kijani, hakuweza kuiona vizuri, akamuuliza mpima macho sikioni, "Bado inawaka?"

"Bado. Nyamaza."

Dakika ya arobaini. Michezo. Hali ya hewa. Baba jasho linamtoka, hajaacha hata neno moja lipite bila kulijaribu. Mwishowe msomaji akakusanya karatasi zake, akainua uso: "Tukutane kesho, saa kama hii."

Baba hakuangalia televisheni. Aligeuza shingo polepole, akamwangalia fundi, kama zamani alivyomwangalia mtu kabla ya kuliita jina lake.

"Tu... kutane," akasema. "Kesho. Saa. Kama hii."

Mama akaketi chini palepale alipokuwa. Fundi akamgeukia mpima macho, maana jibu halikuwa lake peke yake.

"Umemsikia mzee," akasema mpima macho, macho yamemlowa. "Saa kama hii. Usizidishe hata dakika."

"Na nikitaka kuwahi? Dakika kumi na tano hivi, za koridoni?"

"Hizo unajua zinavyopatikana."

Fundi akasimama wima mbele ya wote watatu.

"Naziomba," akasema.