Fimbo ya Pili

Mama yangu, Antonia, ndiye aliyepanga zamu ya kupiga maharage makavu, yatoke kwenye maganda, kwa majirani zetu wa Mbulumbulu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu na fimbo yake. Mimi, Edna, msichana wa darasa la sita, nilipita nyumba kwa nyumba asubuhi kutangaza. Huku kwetu mtu haendi kwenye zamu bila kuambiwa, na asiyeonekana kwa wenzake, wenzake nao hawaji kwake.

"Edna, usiruke mtu," mama aliniambia kila mara.

Nikaruka mtu. Nilimruka Bibi Petronila.

Si kwamba nilimchukia, la hasha! Mumewe, Babu Kornelio, alizikwa nyuma ya nyumba yao kabla ya Pasaka, na tangu hapo nyumba ile ilinitisha. Ukungu ulipotelemka kutoka msitu wa Ngorongoro, nilisikia ndani yake: pu! Kisha kimya. Kisha tena: pu!

"Ni babu huyo," rafiki yangu Hyasinta aliapa. "Bado anapiga maharage yake. Sikiliza! Anapiga moja, anasubiri. Aliye hai hapigi hivyo."

Kweli, maharage hupigwa na watu wawili wanaotazamana, fimbo zikipokezana: pu-pa, pu-pa. Hii ilikuwa pu peke yake.

Niliporudi nyumbani mama akauliza, "Bibi Petronila umemwambia?"

"Ndiyo, mama. Amesema atakuja."

Hakuja, bila shaka. Zamu ya kwanza watu walimvumilia, ana msiba. Zamu ya pili jirani yetu Mzee Vedasto akanung'unika, "Amejitenga mwenyewe. Anajiona." Zamu ya tatu hakuna aliyemtaja tena. Nami nikanyamaza, mwoga mkubwa mimi. Lakini sauti ile ilinifuata. Nikila, pu. Nikiandika insha darasani, pu.

Jumamosi moja nilipita pale, sauti haikuwepo. Ungedhani nilifurahi. Wapi! Kimya kile kilinitisha zaidi. Nikatazama jiko la Bibi Petronila, halikuwa na moshi. Nikajikaza, nikaingia uani.

Bibi alikuwa ameketi kwenye turubai, amejifunika koti la marehemu. Maharage yalirundikana mbele yake, mengine yameanza kuota kwa unyevu. Alishika fimbo moja. Nyingine ilikuwa imelazwa upande wa pili, mahali pasipo na mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe, Edna wa Antonia?" Akanigeukia. "Mjukuu wangu, niambie wewe. Nimewakosea nini?"

Niliyatazama maharage yaliyoota.

"Nawasikia mkiimba kila nyumba," akaendelea. "Kwangu hamji. Napiga fimbo yangu, naacha nafasi ya Kornelio. Miaka arobaini tumepiga hivyo, mkono haujui vingine. Leo sikuona sababu ya kupiga. Hata uji sijapika tangu jana."

Nikaangua kilio. "Hukukosea, bibi! Ni mimi. Niliogopa kuingia hapa, nikamdanganya mama kwamba nimekuambia."

Nilikimbia nyumbani nikamweleza mama yote. Hakunichapa. Ningependelea anichape.

"Nenda kila nyumba," alisema huku akitia unga wa uji kwenye bakuli, "ukaseme hayo kwa mdomo wako mwenyewe."

Nyumba saba. Nilisema mara saba, na kila mara aibu ilikuwa mpya.

Kufikia saa nne ua wa Bibi Petronila ulijaa watu. Mzee Vedasto alivua kofia. "Mama, tumekuhukumu bure. Utusamehe." Bibi alikunywa uji, akatazama nyuso zote moja moja.

Mama alinivuta kando. "Siku za mazishi watu walijaa hapa hata wakakosa pa kukaa. Kisha tukaondoka wote, na hapo ndipo alipotuhitaji. Mtu akiachwa na wenzake anaugua, Edna, hata kama hana homa. Uongo wako umemfanya asile. Na sisi wakubwa tuna kosa letu. Nyumba iko hapa hapa, na hakuna aliyekuja kumwuliza."

Fimbo zililia pande zote, lakini ile iliyolazwa hakuna aliyeigusa. Bibi aliinuka, akainyooshea kidole.

"Edna. Ishike."

Ilikuwa fimbo ya Babu Kornelio, imelainika pale alipozoea kuishika. Bibi akapiga: pu! Akaacha nafasi, na fimbo nyingine zote zikasimama.

Nikapiga: pa!

Siku hizi nikitangaza zamu naanza na nyumba ile. Ukungu ukiwa mzito bado nasikia pu moja kutoka uani, na bado nashtuka kidogo. Kisha naingia, naokota fimbo ya pili.