Kucha ya Mjapani

"Fungua mlango, ama nauvunja!"

Pius, mlinzi wa ukumbi wa hoteli moja ughaibuni, aliugonga mlango wa chumba cha msanii huku ujumbe wa mpenzi wake Loise ukimchoma machoni: "Siji sasa, nimeshikwa na Mjapani. Na baba anataka jibu lako leo kama utanioa, wazee wa yule Austine wa kijijini wanarudi kesho kuniposa."

Mlango ukafunguka. Mzee Morisaki, mpiga gitaa kutoka Japani, alikuwa amekaa, mkono wake uko mikononi mwa Loise.

"Kumbe kweli kakushika!"

"Ai, Pius! Kwetu Kenya nimeshikwa ni niko bize! Amevunjika kucha, na hizo nyuzi anazidonoa kwa kucha. Wacha nimalize."

Mtanzania wa watu akashusha ngumi. Loise, fundi wa kucha wa saluni ya hoteli, akarudia gundi yake. Mara msimamizi akatokea.

"Nani kakuruhusu kumgusa mgeni? Toka, yalla, haraka!"

Pius damu ikamchemka. Wakubwa ni walewale. Rosina, marehemu mkewe, alipozidiwa na ugonjwa huko Songea, walimwambia ruhusa ya kwenda nyumbani ni mpaka msimu uishe. Akamzika kwa simu.

Akajaza mlango. "Hapiti mtu, sir, mpaka gundi ikauke."

"Nitakufukuza!"

"Fukuza. Mgeni asipopiga, utapanda jukwaani wewe?"

Msimamizi akaondoka.

Ukumbi ulipojaa, mzee akaweka mguu kwenye kistuli, akalilaza gitaa kifuani. Hakuna spika, hakuna mbwembwe. Kidole gumba kikatembea taratibu chini, vingine vikatetemesha nyuzi za juu kama manyunyu kwenye bati. Ungeapa wapo watu watatu wanapiga. Miaka arobaini katika kazi hiyo, na bado aliugusa kila mlio kama ndiyo kwanza anakutana nao. Alipopunguza sauti, ukumbi mzima ukaacha kukohoa.

"Pius, unalia?" Loise akanong'ona.

"Rosina sikuwahi kumlilia. Nililaani wakubwa tu, mwaka hadi mwaka."

"Na mimi, utanijibu lini?"

Makofi yalipolipuka, Pius akatoka varandani, akampigia baba yake Loise simu ambayo alikuwa akiikwepa.

"Shikamoo, baba. Ni Pius, wa Loise. Wale wazee wasijisumbue. Namtaka mimi."

"Ndiyo unapiga leo? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nagombana na watu wasionisikia, baba."



"Basi kuja na watu wenu. Huku tutakusikia."