Siku Ishirini na Tatu

Kila asubuhi, kabla mimi sijafikiria hata kufumbua jicho, Kogo alikuwa ameshamaliza kuomba. Kogo ni jina tunalomwita nyanya kwa Kikalenjin. Tulilala chumba kimoja, kwa hiyo sala yake niliijua kwa moyo: "Mungu, umenipa leo. Kesho hujaniahidi. Nisaidie nimalize vizuri hii uliyonipa." Kisha alinivuta blanketi, na hapo ndipo leo yangu ilipoanza, kwa baridi.

Baada ya sala ilikuwa zamu ya Kukhu. Huyu alikuwa jirani yetu, Mbukusu, mama yake Khisa, na sisi watoto tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, kama walivyomwita wajukuu wake. Alikuwa na ng'ombe mmoja aliyempenda kuliko watu wengi. Kila asubuhi alikuja na jagi la maziwa hadi kwenye ua unaotenganisha mashamba yetu, nyuma ya soko la Salgaa, akaita, "Chamgei!" Kogo naye akajibu, "Mulembe!" Kila mmoja alimsalimu mwenzake kwa lugha ya mwenzake, tena kwa lafudhi mbovu ajabu. Walikuwa wamefanya hivyo miaka thelathini. Jumapili waliketi benchi moja kanisani, na kwa kuwa Kogo alikuwa na mtoto wa jicho, Kukhu ndiye aliyemsomea Biblia.

Mimi niliyewatenganisha naitwa Jepleting. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na likizo ndefu ya Novemba ilikuwa imeanza.

Jumamosi ya kwanza ya likizo ilipangwa koito ya shangazi Chepchirchir, yaani siku ambayo wazee wa upande wa bwana harusi huja nyumbani kwa msichana kukubaliana kuhusu ndoa. Hakuna koito bila mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu. Mgeni akionja mursik nzuri, huwa amekwisha kuujua utu wa nyumba hiyo. Ndiyo maana Jumanne ya wiki hiyo Kogo alikishusha kibuyu chake kikubwa kutoka kwenye msumari, kile alichopewa na mama yake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Jeple," akasema, "mimi naenda mkutano wa kina mama. Osha hiki kibuyu vile nilikufundisha. Maji ya moto mara tatu, usugue na ile brashi ya kijiti. Kikauke kabisa. Halafu uchome kijiti cha ule mti wa senetwet, usugue makaa yake ndani mpaka kuwe kweusi kote. Usiharakishe."

"Sawa, Kogo."

Kazi hiyo huchukua karibu siku nzima. Nilikuwa sijamaliza hata kuchemsha maji ya kwanza rafiki yangu Shiru alipochungulia langoni akiwa na mpira wa soksi mkononi.

"Jeple, niaje! Kuja tucheze kati, tunakosa mtu mmoja!"

"Niko na kazi."

"Si utafanya baadaye! Ama umekuwa mzee?"

Haya, mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nilichukua sabuni ya unga, nikatia konzi nzima ndani ya kibuyu, nikaongeza maji na kukitikisa hadi povu likatoka mdomoni. Nilijisifu kwamba nimevumbua njia ya mkato. Nikasuuza mara moja. Senetwet sikuichoma. Niliokota kaa lililozimika kwenye jiko, nikalisaga, nikamwaga vumbi lake ndani, nikakitikisa tena. Kisha nikakimbia kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa. Nilicheza vizuri sana siku hiyo, hilo siwezi kukataa.

Kibuyu si sufuria. Kinakunywa kila unachokiwekea. Hilo nililijua, nilikuwa nimefundishwa mara tatu.

Kogo aliporudi jioni aliuliza, "Umefanya vile nilisema?"

"Ndiyo, Kogo."

"Yote?"

"Yote."

Hakukinusa. Aliniamini. Alichemsha maziwa ya Kukhu, akayaacha yapoe, akayamimina ndani na kukifunga.

Jumamosi ilifika. Wageni waliketi sebuleni, shangazi akiwa chumbani akicheka kwa woga, na Kukhu jikoni akisukuma chapati tangu alfajiri kana kwamba Chepchirchir ni binti yake wa kumzaa. Kogo alifungua kibuyu mbele ya watu, akammiminia Mzee Kipkirui, baba wa bwana harusi. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Mzee akanywa funda moja. Uso wake ukakunjamana. Akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeogopa kuwaudhi wenyeji.

"Mama," akasema, "hii maziwa iko na kitu."

Kogo alionja. Nilimwona akimeza kwa nguvu. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kurudisha kikombe chake. Aibu ilimpanda, na aibu ikimpanda mtu mzima hutafuta pa kuangukia. Siku hizo Salgaa ilikuwa imejaa uvumi kwamba kuna watu wanaotia dawa kwenye maziwa ili yasiharibike. Basi Kogo akageukia mlango wa jikoni.

"Mama Khisa! Umetia nini kwa hii maziwa?"

Kukhu alitokea, mikono yake imejaa unga. "Mimi? Dada yangu, ng'ombe ni yule yule. Maziwa ni ile ya kila siku."

"Basi ni kibuyu kimejiwekea dawa? Kibuyu kimeoshwa na mjukuu wangu mwenyewe, kwa hii mikono yake!"

Watu wote wakanitazama. Kukhu pia alinitazama. Ulikuwa wakati wa kusema maneno matatu tu: "Ni mimi, Kogo." Nikatazama chini, nikazihesabu nyufa za sakafu.

Kukhu hakubishana. Aliivua aproni, akaitundika msumarini, akaondoka kupitia mlango wa nyuma. Chapati yake ya mwisho iliungua kwenye kikaango. Wageni walikunywa soda na chai, ndoa ikakubaliwa, na shangazi akafurahi. Lakini mimi chapati zile sikuzigusa.

Kesho yake, Jumapili, hakuna aliyeita "Chamgei" kwenye ua. Kogo alituma maziwa yanunuliwe dukani, na kwa aibu kanisani hakwenda. Nilijiambia: nitasema kesho, hasira ya Kogo ikipoa. Kesho ikafika, nikaona ni afadhali Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, ambapo watu huwa wapole. Jumapili hiyo Kukhu aliketi benchi la nyuma peke yake, na Kogo akanipa Biblia nimsomee. Nilisoma vibaya, machozi yakinilengalenga, na Kogo akadhani ni herufi ndogo zinazonisumbua. Akanipapasa mgongo. Afadhali angenichapa.

Siku zikaenda namna hiyo. Kila asubuhi nililala macho nikiisikia ile sala. "Kesho hujaniahidi." Nilitamani kuziba masikio. Mimi kesho nilikuwa nimejiahidi mwenyewe, bila kumwuliza Mungu, tena si moja, bali kumi, kumi na tano, ishirini. Kila nilipompita Kukhu njiani nilijifanya natafuta kitu kwenye majani. Yeye aliniambia tu, "Salimia nyumbani." Sikuwahi kufikisha hizo salamu hata moja.

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa nikianika nguo niliposikia kelele upande wa pili wa ua. Kukhu alikuwa ameanguka kwenye zizi la ng'ombe. Khisa na jirani mmoja walimbeba hadi kwenye gari. Mkono wake mmoja ulining'inia, na kiatu chake kimoja cha plastiki kilibaki kwenye matope.

"Ni presha," watu wakasema. "Wamempeleka hospitali Nakuru. Hatujui kama atafika."

Nilikitazama kile kiatu. Muda wote ule nilidhani nangoja siku nzuri ya kusema ukweli. Haikunijia hata mara moja kwamba siku zenyewe zinaweza kwisha.

Nilikimbia ndani. Kogo alikuwa amesimama katikati ya chumba, kitambaa chake cha kichwani mkononi, hajui akifunge au akiweke.

"Kogo, ni mimi," nikasema. Kilio kilikuwa kimenishika tayari. "Kukhu hakutia dawa. Niliosha kibuyu na sabuni. Sikuchoma senetwet. Nilienda kucheza kati. Nikakudanganya."

Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua. Nilitamani apige kelele.

"Tangu koito ni siku ngapi?" akauliza.

Nilizijua. Nilikuwa nimezihesabu zote. "Ishirini na tatu."

"Ishirini na tatu," akarudia, akaketi kitandani. "Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu wote wawili wameingia na mlango mmoja." Halafu sauti yake ikabadilika. "Na mimi je? Miaka thelathini huyo mama ananisomea neno la Mungu, na mimi nimemhukumu kwa funda moja ya maziwa. Hata sikumuuliza. Kila asubuhi naomba nimalize siku vizuri, halafu napita kwa ua kama sioni mtu." Akasimama, akafunga kitambaa. "Vaa viatu. Twende."

"Sasa hivi?"

"Wewe bado unataka kesho?"

Tulifika hospitali saa ya kuwaona wagonjwa. Khisa alitukuta mlangoni mwa wodi, akatuambia mama yake ameamka lakini tusimchoshe. Kukhu alionekana mdogo kitandani. Kogo alimsogelea kwa kupapasa vitanda, na alipoupata mkono wake akasema, "Mulembe."

Kukhu alifumbua macho. Akamtazama Kogo, kisha akajibu, "Chamgei," kwa lafudhi ile ile mbovu. Wakalia wote wawili. Kogo akanisukuma mbele.

"Sema mwenyewe. Mimi yangu nitasema baada yako."

Nikasema. Yote, kuanzia sabuni hadi zile salamu nisizozifikisha. Nilipomaliza, Kukhu alinishika kidole.

"Nilijua ni wewe," akasema.

"Ulijua?"

"Ile siku ukaangalia chini, nikajua. Ningekusema mbele ya wageni? Koito ya Chepchirchir ingeharibika, na wewe ungebaki na jina la mwongo. Nikasema, mtoto atakuja mwenyewe. Kila asubuhi nilikuwa naangalia pale kwa ua."

Kila asubuhi. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyoniuma kama maneno hayo mawili.

"Lakini sabuni!" akaongeza, na mabega yake yakaanza kutikisika. "Mimi nilifikiri labda uliacha majivu mingi. Kumbe mzee wa watu amekunywa sabuni siku ya koito!" Kogo naye akaangua kicheko, hadi muuguzi akaja kuwanyamazisha. Kisha Kogo akaomba msamaha wake, na wakazungumza wao kwa wao. Mimi niliketi pembeni nikilia na kucheka.

Kukhu alirudi nyumbani baada ya wiki moja. Nilikiosha kibuyu kile kwa maji ya moto siku baada ya siku hadi harufu ya sabuni ikaisha, nikachoma senetwet, nikasugua hadi mikono ikawa myeusi. Mursik ya kwanza iliyokubali nilimpelekea yeye. Alikunywa kikombe kizima, akalamba midomo, akasema imeshinda ya Kogo, kwa sauti ya kutosha Kogo kusikia. Asubuhi salamu zilirudi kwenye ua, na Jumapili wakarudi benchi lao.

Halafu, shule zilipokuwa zimefunguliwa mwezi wa Januari, Kukhu alilala na hakuamka. Alikwenda kimya kimya.

Tulipotoka mazikoni nilitembea na Kogo, yeye akiniegemea bega. Swali lilinichoma, nikaliuliza. "Kogo, tangu ile siku ya hospitali mlipata siku ngapi?"

"Arobaini na moja," akasema mara moja. Kumbe naye alikuwa akihesabu. "Siku arobaini na moja nzuri sana. Zingekuwa sitini na nne."

Nilianza kulia. Kogo akasimama njiani.

"Sikuambii ndio uumie. Mungu amekusamehe, Kukhu amekusamehe, na mimi pia. Lakini kusamehewa hakurudishi siku, na wewe ni mtoto wa akili, ni lazima ujue. Maisha ni mafupi, Jeple, na hakuna mtu anaonyeshwa mwisho wake. Kwa hivyo ukikosa, sema leo. Ukikosewa, uliza leo. Ukimpenda mtu, msalimie leo. Mtu anayeishi hivyo, siku Mungu akimuita hatakuwa na kitu cha kurudi kuchukua."

Kesho yake asubuhi aliomba sala yake, nami nikaamka kabla hajanivuta blanketi. Nilimfuata nje. Alikuwa amesimama kwenye ua kwa mazoea, akielekea upande wa pili, ambako Khisa alikuwa akimkamua ng'ombe wa mama yake.

"Mulembe," Kogo akasema, polepole, si kwa mtu yeyote.

Hakuna aliyejibu. Basi nikasogea karibu, nikamshika mkono.

"Chamgei, Kogo," nikasema.