Nyungunyungu Chini ya Meza ya Fundi

Fundi cherehani alikuwa mtu wa kuamka mapema. Kabla mashine yake haijaanza kulia, alifagia chumba cha mbele, akachemsha chai, kisha akatoka uani na bakuli la maganda. Maganda ya ndizi, maganda ya viazi, majani ya chai, vyote aliviangusha kwenye shimo nyuma ya nyumba, akarudi haraka huku amebana pumzi. Shimo lile lilinuka, na nzi walikuwa wamelifanya kwao.

Kando ya shimo palikuwa na tuta lake la mchicha. Kuliita tuta ni heshima tu. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Mchicha ulitoka umedhoofu, ukasimama hapo hapo na majani ya manjano, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, muuguzi mstaafu. Mume wa fundi aliendesha malori ya safari ndefu, kwa hiyo siku nyingi waliobaki nyumbani ni wanawake hao wawili. Walipendana kwa namna yao: mmoja akisema, mwingine akifanya anavyotaka.

Asubuhi moja mama mkwe alisimama mlangoni na kikombe chake mkononi.

"Mwanangu, umepanda mara ngapi hapo?"

"Hii ya tatu, mama."

"Na tumekula mara ngapi?"

Fundi aliinama, akang'oa jani la manjano.

"Nimeongea na fundi wa saruji," mama mkwe alisema. "Mume wako akirudi mwisho wa mwaka, tutafukia hilo shimo na kumwaga zege ua mzima. Tupate pa kuanika nguo. Maji tunayachota kwa taabu, halafu tunayamwagia mawe."

"Nipe mpaka wakati huo, mama."

"Utafanya nini?"

"Bado sijajua. Lakini nipe."

Mama mkwe alimalizia chai yake. "Haya. Kichwa ngumu wewe."

Siku hiyo hiyo fundi alifunga mashine mapema, akaenda kwa mama mmoja aliyeuza miche kando ya barabara. Miche yake ilikuwa ya kijani iliyokolea, imejaa afya. Fundi alichuchumaa, akachovya kidole kwenye udongo wa mkebe mmoja. Ulikuwa mweusi na mlaini, unavunjika kama keki.

"Mama, huu udongo unautoa wapi?"

"Siutoi popote, dada. Natengenezewa." Muuza miche alicheka, akamvuta mpaka nyuma ya kibanda. Akafunua ndoo kubwa. Juu palikuwa na vipande vya maboksi vilivyolowa. Alipovisogeza, fundi aliona nyungunyungu wembamba wekundu, wengi, wakijificha mwanga.

Fundi alirudi nyuma hatua moja. "Wanauma?"

"Wataumaje na meno hawana? Hawa kazi yao ni kula. Wape maganda, wao wanakupa mboji. Mboji ndiyo huu udongo mweusi ulioushika. Unalainisha ardhi, unashika maji, na mmea unapata chakula."

"Wale wanene wa shambani je? Nikiwachimba hao?"

"Wale hukaa chini sana, kwenye ndoo wataona umewafunga jela. Unataka hawa wadogo wekundu, wanaopenda samadi na vitu vilivyooza. Njoo na ndoo yako, nitakugawia."

Akamweleza namna ya kuitengeneza. Fundi alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza mtindo wa gauni, bila kumkatiza. Nyumbani alitafuta ndoo nyeusi ya plastiki yenye kifuniko. Alitoboa matundu madogo chini, ili maji yatoke, na mengine juu ubavuni, ili hewa iingie. Aliiweka juu ya matofali mawili, akatega karai chini yake. Alichana maboksi na magazeti, akayalowesha, akayakamua mpaka yakawa na unyevu kama kitambaa kilichofuliwa na kukamuliwa vizuri. Akaongeza konzi ya udongo. Kisha akarudi kwa muuza miche kugawiwa wageni wake, akaja kuwamimina ndani.

Ndoo ilihitaji kivuli na ubaridi. Uani jua lilikuwa kali, jikoni hapakuwa na nafasi. Akaisukuma chini ya meza yake ya kukatia vitambaa.

Mama mkwe aliinama, akafunua kifuniko, akakirudisha taratibu.

"Maisha yangu yote ya kazi nimewatoa watu minyoo," alisema. "Leo mke wa mwanangu ananiletea minyoo kwa ndoo."

"Hawa si wa tumboni, mama. Hawawezi kuishi ndani ya mtu. Wanaishi kwenye udongo, wanakula vilivyooza."

"Hilo najua, usinifundishe kazi yangu. Lakini ni udongo, na udongo una vijidudu. Kila ukiwagusa, maji na sabuni."

"Nitanawa, mama."

"Na wakitoka humo ndani, ninawamwaga."

Fundi alikuwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyomponza. Aliona mwisho wa mwaka unakuja mbio, akataka mboji leo kabla ya kesho. Kila siku aliwajazia. Alitia maganda, makombo ya wali na mchuzi wake, malimau yaliyokamuliwa, hata mifupa ya samaki. Akidhani wana kiu, aliwamwagia maji juu. Ndoo ikawa nzito na kuanza kunuka, lakini yeye alijiambia kwamba ndivyo inavyokuwa mwanzoni.

Kisha akaja mteja kujaribu gauni lake jeupe la harusi. Fundi alikuwa amelitandaza mezani usiku uliotangulia ili alipige pasi asubuhi, na pindo lilikuwa limening'inia mpaka chini. Mteja alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akaangalia pindo.

"Fundi," alisema polepole, "hii ni nakshi, au inatembea?"

Nyungunyungu mmoja alikuwa akipanda pindo bila wasiwasi. Wengine walikuwa wametapakaa sakafuni. Mteja aliruka juu ya kiti na gauni lake. Fundi alimwomba radhi, akamtoa mdudu, akalifua pindo lile papo hapo mbele ya macho yake.

Mteja alipoondoka, mama mkwe alikuwa tayari ameshika mshikio wa ndoo.

"Tulikubaliana," alisema.

"Mama, naomba uiweke chini." Fundi hakupandisha sauti. "Hawa hawakimbii bure. Kuna kitu nimewafanyia. Wewe mgonjwa akitapika dawa, humtupi nje. Unaangalia umempa dawa gani."

Mama mkwe akaiachia ndoo. "Basi kamwite huyo mtu wako. Nataka kumsikia mwenyewe."

Muuza miche alikuja jioni. Alifunua ndoo, akakunja pua.

"Dada, ungekuwa wewe ungekaa humu?"

Alitoa kitu kimoja kimoja. "Mchuzi una chumvi na mafuta. Chumvi inawachoma ngozi. Malimau ni makali, vivyo hivyo pilipili. Samaki na nyama vinaoza vibaya na kuita nzi na panya. Na haya maji umewazamisha. Wao wanapumua kwa ngozi, lazima hewa ipite."

"Kwa hiyo niwape nini?" fundi aliuliza.

"Maganda ya matunda na mboga, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyosagwa. Kidogo kidogo. Ukifunua ukakuta chakula cha juzi kimekaribia kwisha, ndipo unaongeza kingine. Kifukie, ukifunike na karatasi. Ukiona maji mengi, ongeza maboksi makavu. Ndoo nzuri hainuki, ina harufu ya ardhi baada ya mvua."

Mama mkwe aliuliza maswali yake, moja baada ya jingine, na kila jibu aliliitikia kwa kichwa. "Kumbe ni kulisha mgonjwa," alisema mwishoni. "Ukimshindilia, unamuua."

Usiku ule fundi alianza upya. Alitoa uchafu wote, akatandika maboksi mapya, akawarejesha waliobaki. Hawakuwa wengi. Safari hii alijizuia. Aliwapa konzi moja ya maganda yaliyokatwa vidogo, akasubiri. Akiwa hayupo, mama mkwe alifunua na kuchungulia, ingawa hakukiri. Maganda yaliyosalia jikoni fundi aliacha kuyatupa shimoni. Mengine aliyakausha ili awape baadaye, na mengine akampelekea muuza miche. Shimo wakalifukia, nzi wakahama.

Miezi ilipita, na nyungunyungu walizaana. Maboksi yakageuka udongo mweusi. Fundi alisogeza kila kitu upande mmoja wa ndoo, upande wa pili akaweka chakula kipya. Wenyewe walihamia kwenye chakula, wakamwachia mboji. Alilivunjavunja tuta kwa jembe, jasho likimtiririka, akaichanganya mboji na udongo ule mgumu. Akapanda mchicha mara ya nne.

Mchicha ulitoka umesimama wima, majani mapana. Alimwagilia nusu ya maji ya zamani, na udongo ulibaki na unyevu hadi kesho yake.

Mume wake aliporudi, fundi wa saruji alikuja naye na futi ya kupimia. Mama mkwe aliwapokea uani.

"Zege lisizidi mlango wa jikoni," alisema. "Tutaanika hapo hapo. Huku kwingine msiguse."

Mwanawe alishangaa. "Lakini mama, wewe ndiye uliyesema..."

"Nilisema kabla sijala."

Mchana ule walikula mchicha wa tuta, sahani zikarudi tupu. Baada ya kula, mama mkwe alivaa malapa, akatoka peke yake, akapiga hatua kwenye sehemu iliyobaki ya ua, pale palipokuwa bado pagumu. Aligonga ardhi kwa kisigino.

"Mwanangu," alimwita fundi cherehani. "Hapa mimi nataka biringanya. Ndoo moja itatosha?"

"Haitatosha, mama."

"Basi mbona umekaa?"

Fundi alinyanyuka, akaenda kutafuta ndoo nyingine.