Miguu Kwenye Pedali

Upepo wa kiangazi ulivuma kutoka ubavuni, ule upepo wa Iringa unaobeba vumbi na vipande vya karatasi, na ndege ndogo ya umeme ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Chuo cha Marubani cha Nyanda. Aliyeushika usukani alikuwa msichana aliyeanza masomo wiki iliyopita tu. Waliotazama kutoka chini waliona pua ya ndege ikigeuka kidogo kuukabili upepo, bawa moja likainama, tairi moja likagusa lami, kisha la pili, kwa utulivu wa rubani aliyezeekea kazini. Wanafunzi wenzake wakapiga makofi. Msichana huyo, Faraja Kiswaga, akashuka akicheka.

"Mbona rahisi!" alisema. "Kama kukaa kwenye kochi."

Kilichorahisisha kazi kilikuwa kisahihishi, chombo chenye ukubwa wa tofali kilichofungwa chini ya kiti. Kutoka humo zilitoka nyaya zilizoshika usukani, wenzo wa nguvu ya injini na pedali za miguuni. Mwanafunzi alipokosea, kisahihishi kililiona kosa kabla ndege haijalihisi, kikalifuta. Kwa sababu yake nyanda za kusini zilikuwa zimejaa marubani. Ndege za abiria saba ziliruka kutoka Mafinga hadi Makete kama mabasi, na vijana waliokuwa wakilima viazi mwaka jana walikuwa sasa wamevaa kofia zenye nembo. Bado sheria ilitaka kila ndege iwe na rubani, kwa kuwa vipima-hewa vikizibwa na barafu au vumbi, kisahihishi kingejizima na kumwachia mtu kazi yote. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea angani.

Injinia Sekela Mwambene, mwanamke aliyekibuni kisahihishi, alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha chumba cha uangalizi na hakupiga makofi. Chai yake ilikuwa imepoa mezani. Aliyefuata kuruka alikuwa mdogo wake, Lusajo.

Lusajo aliruka vibaya, au ndivyo skrini ilivyosema. Mistari miwili, mmoja wa rubani na mmoja wa kisahihishi, iliyokuwa imelala pamoja wakati wa Faraja, sasa ilikuwa ikigombana kama paka. Alipotua, ndege ilidunda mara mbili.

"Ni yuleyule kila siku," alisema Dokta Ngailo, mkuu wa chuo, aliyekuwa amesimama kando ya Sekela. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfanya Sekela azidi kukosa raha. "Na wote waliotoka kule Isimani wako hivyo. Wanabishana na mashine. Bodi inataka jibu mwisho wa mwezi, Injinia: kurusha vielea kunamsaidia mwanafunzi wa ndege au kunamharibu? Takwimu zako zinasema kunamharibu. Ukitia saini, hatuwapokei tena, na hawa waliopo tutawaaga kwa heshima."

Kielea kilikuwa ndege isiyo na injini, yenye mabawa marefu membamba, inayovutwa juu kwa winchi kisha kuachiwa ielee yenyewe. Lusajo alikuwa amevirusha huko Isimani mwaka mzima kabla ya kujiunga na chuo.

Jioni ile Sekela alimfuata mdogo wake bwenini.

"Acha kubishana nacho, Lusajo. Watakufukuza."

"Dada, mimi sibishani." Kijana alikuwa amekaa kitandani, akisugua nyayo zake. "Nasikia mkia unateleza, naweka mguu. Nikiuweka, nakuta mguu mwingine umeshafika. Sasa wa nani huo? Nauondoa wangu, na ule nao unaondoka. Unajua inavyotia wazimu?"

"Wenzako hawausikii?"

"Waulize."

Sekela aliuliza, siku iliyofuata, kwenye foleni ya chakula. Wanafunzi walimtazama bila kuelewa. Hakuna aliyewahi kusikia kitu chochote miguuni.

Tangu hapo hakutulia. Alikaa mbele ya tarakilishi akasimama, alifungua faili la saini akalifunga. Alikuwa amejenga kisahihishi kutokana na rekodi za marubani bora wa bara zima, lakini yeye mwenyewe hakuwa amewahi kurusha hata tiara ya karatasi. Jumamosi alichukua gari akaenda Isimani.

Huko, kwenye tambarare kavu yenye joto, chama cha vielea kiliongozwa na Kapteni Malekela, mstaafu wa mashirika ya ndege, ambaye hata juani hakuvua koti lake la zamani lenye vifungo vya dhahabu.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyetengeneza lile dubwana linalowaendesha watoto wangu?" Hakusubiri jibu. "Panda. Mtu akipita hapa hahitaji kitu kingine. Injini ni kelele tu."

Winchi iliwarusha juu kwa nguvu iliyombana Sekela kifuani. Kamba ikaachia. Kelele zikakoma, na kilichobaki kilikuwa sauti ya hewa tu, kama mtu anayepumua karibu na sikio. Mbele yake, juu ya kioo, ulikuwa umebandikwa uzi mfupi wa sufu nyekundu.

"Uzi ukienda kulia, ndege inakwenda kiubavu. Mguu wa kushoto!" Kapteni alipaza sauti kutoka kiti cha nyuma. "Haya, unyooshe."

Sekela akasukuma. Uzi ukarukia upande wa pili. Akasukuma mguu mwingine, ukarudi kwa nguvu zaidi. Jasho lilimtiririka. Hakukuwa na kitu cha kumsahihisha. Kila kosa lilikaa pale pale mpaka alitoe mwenyewe, na kila alipolitoa alizalisha jingine. Walipoanza kushuka aligundua jambo jingine: uwanja ulikuwa mmoja, kimo kilikuwa kile walichobakiwa nacho, na hakukuwa na nguvu yoyote ya kuwarudisha juu.

"Tukikosea?" aliuliza.

"Hatukosei," alisema Kapteni. "Tukikuta ng'ombe uwanjani, tunatafuta pa kukaa pembeni. Kielea kikianza kushuka, kinashuka."

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na Jumapili yake, na siku nyingine katikati ya wiki alizoomba ruhusa kwa kusingizia mafua. Alasiri moja, akizunguka ndani ya hewa moto iliyokuwa ikipanda juu ya shamba la alizeti, aliangalia uzi na kukuta umelala katikati, umenyooka. Ndipo alipogundua kwamba miguu yake ilikuwa ikifanya kazi bila yeye kuiamrisha. Alitaka kulia, hakujua kwa nini.

Siku hiyohiyo alirudi chuoni na kuomba kurushwa kwenye ndege ya mafunzo. Mara tu walipoacha ardhi alikisikia kisahihishi. Ulikuwa mguu mwingine, mwepesi, wa haraka kuliko wake, ukisukuma pedali chini ya viatu vyake. Alikuwa ameandika kila mstari wa maelekezo ya ule mguu, na bado nywele zilimsimama.

"Nataka kukizima," alimwambia Dokta Ngailo. "Siku moja tu. Kwanza na mwanafunzi wako bora, halafu na Lusajo. Mwalimu Mgaya akae mbele nao, mimi nyuma."

Dokta Ngailo akamgeukia. "Ukiona ninachokiona mimi, utatia saini?"

"Nitaandika nitakachokiona."

Mwanafunzi bora alikuwa Faraja, aliyekuwa amebakiza siku chache amalize kozi ile ya wiki chache. Walipanda naye asubuhi, hewa ikiwa tulivu. Juu sana, mahali pa salama, Sekela alibonyeza kitufe. Taa ya kijani ikazimika. Faraja aliinamisha bawa ili ageuke, na ndege ikafanya alichoambiwa na mkono wake tu: bawa likalala, pua ikakataa kufuata, mwili mzima ukaanza kuteleza kiubavu, vitu vikiviringika sakafuni.

"Imeharibika!" Faraja alipiga kelele. "Mwalimu, imeharibika!"

Sekela aliinama kuangalia kati ya viti. Miguu ya Faraja ilikuwa sakafuni, mbali na pedali, imekunjwa vizuri kama ya mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Aliwasha kisahihishi. Baada ya sekunde chache ndege ikanyooka. Walipotua Faraja alivua vipokea-sauti, macho yake yakiwa mekundu.

"Siku zote hizi nilikuwa nafanya nini mle ndani?" aliuliza.

Lusajo aliruka mchana, upepo wa ubavuni ukiwa umeamka. Kisahihishi kilipozimwa alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike chuoni. Ndege iligeuka kulia na kushoto bila kuteleza hata kidogo. Alisoma upepo kwa kutazama moshi wa mashambani. Mwalimu Mgaya, aliyekuwa amekunja mikono, alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Sekela, kule nyuma, tayari alikuwa akitunga kichwani maneno ya ripoti, maneno ya ushindi.

Walikuwa wamekaribia kugusa uwanja pale roboti ya kufyeka majani ilipokata kona vibaya na kuingia katikati ya lami.

Palikuwa na nafasi ya kutosha. Kilitakiwa kitu kimoja tu: kusukuma wenzo wa nguvu, injini ingurume, ndege ipande, wazunguke na kujaribu tena. Sekela alimsubiri Lusajo akifanye. Mwalimu Mgaya alisubiri pia. Mkono wa Lusajo ulikuwa juu ya wenzo, lakini haukwenda popote.

"Nguvu!" Sekela alipiga kelele. "Lusajo, injini! Panda!"

Lusajo akafanya kile ambacho mwaka mzima ulikuwa umekiandika mwilini mwake. Aliinamisha bawa, akaukwepa uwanja, akatafuta pa kukaa pembeni. Sekela alibonyeza kitufe, lakini kisahihishi kilihitaji muda kuamka. Mkono wa Mwalimu Mgaya ulifika kwenye wenzo wakati magurudumu yameshaingia kwenye nyasi. Gurudumu la mbele lilikutana na mtaro. Ndege ikapiga pua chini, ikageuka nusu duara, ikatulia.

Sekela alivunjika mfupa wa bega. Wengine walitoka na michubuko. Nje, kwenye nyasi, Lusajo alipiga magoti kando ya dada yake.

"Niliisahau," alisema. "Injini, dada. Kichwani mwangu haikuwepo kabisa."

Nyuma yao Mwalimu Mgaya alikuwa akiuangalia mkono wake wa kulia. "Na mimi nilikuwa namsubiri nani?" alisema. "Miaka sita nafundisha. Nilikaa tu, nasubiri kifaa kifanye."

Kapteni Malekela alikuja hospitali siku ya pili bila koti lake. Sekela alimweleza yote. Mzee alikaa pembeni ya kitanda akionekana mdogo kuliko alivyomkumbuka.

"Sikumfundisha kupaa upya," alisema hatimaye. "Ningemfundishaje? Kule kwangu hakuna cha kupaa nacho. Nilidhani nawapa kila kitu."

"Umempa miguu, Kapteni, na macho. Kilichobaki kilikuwa kazi yetu huku, kumfundisha kwamba sasa ana injini. Kisahihishi kilipaa kwa niaba yake kila mara, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba hajui."

Dokta Ngailo alifika mchana, akavuta kiti. Sekela hakumngoja aulize.

"Waandikie bodi kwamba vielea vinasaidia, na kwamba vinaacha pengo ambalo lazima mtu alizibe kwa makusudi. Lakini hilo dogo. Wale waliohitimu, Dokta. Wanaoruka sasa hivi."

"Wana kisahihishi."

"Na siku kikijizima?"

Dokta Ngailo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nje ya dirisha ndege mbili zilipita, moja ikielekea Njombe. Wote wawili walizisikiliza mpaka zikapotea.

"Ukiwaambia watu, nani atapanda?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Makete kuna wagonjwa wanaokuja Iringa kwa ndege hizo. Barabara haifai wakati wa mvua, unajua."

"Najua. Ndiyo maana sitaanza na watu. Nitaanza na marubani."

Dokta Ngailo aliinuka. Kisha akatoa simu mfukoni, yenye namba za wahitimu wote, akaiweka juu ya shuka, karibu na mkono mzima wa Sekela, akatoka nje.

Wa kwanza kupokea alikuwa rubani aitwaye Menrad Mhagama. Alikuwa Njombe, abiria wakipanda. Sekela alisikia mtoto akilia na mlango wa mizigo ukifungwa. Alijitambulisha, akaomba radhi, akamwomba afanye jambo moja kabla ya kuondoka: akae kwenye kiti chake kama anavyokaa kila siku, kisha amwambie miguu yake iko wapi.

Alisikia kiti kikilia, kisha viatu vikiburuzwa sakafuni.

"Injinia, unataka kuniambia mimi si rubani?" Sauti ilikuwa imekauka. "Miaka minne. Mama yangu amebandika picha yangu sebuleni na hii kofia."

"Nakwambia sijui, Menrad. Na wewe pia hujui. Kosa si lako, ni la kifaa changu. Hali ya hewa ni safi leo, ruka kama kawaida. Lakini mvua za Makete zinakuja, na sitaki ujue jibu ukiwa huko juu na watu. Kuna vielea Isimani; jaribu huko kwanza."

Mtu mmoja upande ule aliuliza kama wanaondoka au vipi, na Menrad akamwambia asubiri kidogo. Kisha akasogeza simu karibu na mdomo ili abiria wasisikie.

"Huko Isimani," aliuliza, "wanaanza saa ngapi?"

"Jua likishapasha ardhi," Sekela alisema. "Njoo bila kofia. Nitakuwepo."