Mtandao wa Chumba cha Nyuma

Rwekaza, mwalimu mwenzangu anayekaa Kibeta, alikuwa amechoshwa na mtandao wa nyumbani usiofika chumba cha nyuma. Hela ya kununua kifaa kingine hakuwa nayo, kwa hiyo Jumamosi moja akavika boksi karatasi ya foili, akalisimamisha nyuma ya ruta ili lirudishe mawimbi kuelekea chumba hicho. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na korido imejaa giza. Mara akasikia mkewe akikohoa kule chumbani. Akajua amesharudi kutoka Muleba, kapitia mlango wa uani.

"Theopista, intaneti imefika huko?"

"Bado, Baba Annastella. Sogeza kidogo."

Akaisogeza ruta mpaka mlango wa korido.

"Sogeza tena."

Sauti ilikuwa ya mkewe, ila imekauka, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila maji. Kabla hajajibu, simu ikaita mkononi. Alikuwa Theopista.

"Baba Annastella, mvua imenikamata huku kwa mama. Nitalala hukuhuku Muleba."

Rwekaza akageuka kuitazama korido. Mvua ikakatika ghafla. Katika kimya kile, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, sauti ikasema taratibu:

"Hapo hapo. Imefika."