Mume Wangu Alinipangia Safari ya Mtwara

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nimezaliwa na kukulia kwenye ghuba ya Tungue, karibu na Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Nina binti mmoja na mjukuu mmoja. Shamba sina. Mume sina. Machozi nayo sina... kwa hiyo msishangae nikiwasimulia haya kama mtu anayetaja bei ya samaki.

Kwetu mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa mke. Shamba letu la minazi lilikuwa la mama yangu, alilipanda kwa mikono yake, na alipofariki likawa langu. Sefu, mume wangu, alikuja pale na mshipi wa kuvulia na begi la nguo, basi. Sikumdharau kwa hilo, maana wanaume wengi wa kijijini wamekuja vivyo hivyo! Yeye alikuwa mtu wa maji, mimi mtu wa jembe. Hakuniuliza lini napanda mihogo, nami sikumuuliza lini maji yanajaa na lini yanatoka. Ndivyo tulivyogawana maisha, na mimi nikaona ndiyo heshima.

Kisha ikaja habari ya gesi. Meli kubwa zikatia nanga huko nje, wageni wakajaa Palma, nyanya zikapanda bei. Tukaitwa mkutanoni, chefe, mkuu wa kijiji, akatuambia kuwa watu wa kampuni watapita kuhesabu nyumba na miti, kwa sababu huenda tukahamishwa na kulipwa fidia. Kila mwenye shamba asimame kwenye shamba lake siku hiyo, na majirani waseme ndiyo, ni lake. Lini? Hakuna aliyejua. Wiki hii, wiki ijayo, watakuja tu.

Sefu alijua. Alikuwa akiwapeleka watu wale kwa mashua yake kupima ufuko, kutwa nzima anakaa nao. Mimi nilifurahi kwamba mume wangu amepata kibarua. Mjinga mie!

Wakati huo binti yangu, Zaituni, alikuwa amejifungua Mtwara, ng'ambo ya mto Ruvuma. Nilitamani kumwona mjukuu hadi naota. Lakini safari ni gharama, na mimi nilikuwa nasita. Jioni moja Sefu akaniambia, "Mama Zaituni, si uende ukamwone mtoto? Siku moja tu, unakwenda na kurudi. Mimi nitakupangia isikugharimu kitu."

Akanipangia kweli. Pikipiki ya rafiki yake itanifikisha mtoni. Mtumbwi ni wa mwenzake, hatozi. Chakula nibebe cha nyumbani, mihogo na samaki mkavu, nisinunue njiani. Ng'ambo nipande gari la mizigo, dereva anamfahamu. Kulala njiani nisilale, nyumba za wageni zinamaliza pesa. Asubuhi nivuke maji yakiwa yamejaa, na alasiri yatakuwa yamejaa tena, nivuke kurudi. Nikamwambia, "Hivi wewe mwanamume, ulikuwa wapi siku zote na mipango hii?" Akacheka.

Akaongeza jambo moja. Mama mzazi haendi kwa mwanawe aliyejifungua mikono mitupu. Nimpelekee Zaituni ule mkeka wangu mzuri na sufuria kubwa, sisi tutanunua vingine. Niliona ana moyo... Niliufunga mkeka, nikaweka sufuria juu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu mwanamke akitoka nyumbani na mkeka wake na sufuria yake, maana yake amemwacha mume. Hakuna asiyejua hilo, na mimi nalijua tangu mtoto. Lakini siku ile nilikuwa bibi anayekwenda kumwona mjukuu, hata haikunipitia akilini!

Alfajiri nikakutana na wanawake wenzangu wakienda kisimani. Jirani yangu, Bi Somoe, akaniona na mzigo, akanitania, "Hee! Mkeka na sufuria! Shoga, unahama?"

Nami mdomo wangu huu... nikamjibu, "Nahama ndiyo! Huyu mzee nimemchoka. Na shamba nimemwachia, ale nazi mpaka avimbiwe!"

Wote wakaangua kicheko. Sefu, aliyekuwa akinifungia mzigo kwenye pikipiki, alicheka kuliko wote.

Mtwara nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Nisiseme uongo. Nilimpakata mjukuu wangu, nikanywa soda baridi, Zaituni akanisuka nywele kama zamani nilivyokuwa nikimsuka yeye. Alinibembeleza nilale, nikakataa. Nilimwambia baba yako ananisubiri, na maji ya alasiri hayangoji mtu.

Nikafika mtoni alasiri. Maji hakuna! Mchanga mtupu katikati, mitumbwi imelala kwenye matope. Nikawauliza wavushaji, maji yanajaa saa ngapi? Wakatazamana. Mmoja, mtu mzima, akaniuliza, "Mama, nani kakwambia alasiri? Asubuhi si uliyakuta yamejaa? Basi yatajaa tena usiku, na usiku hapa havuki mtu, kuna viboko. Wewe utavuka kesho."

Nikamwambia ni mume wangu, na mume wangu ni mvuvi.  Yule mzee akasema polepole kwamba mvuvi hakosei maji.

Mnajua mimi niliwaza nini? Nilimwonea huruma Sefu! Nikasema maskini, amezeeka, ameanza kusahau. Nikawa nawaza nikirudi nisimcheke sana, asije akaona haya. Nikalala kwenye kibanda cha wavushaji, kanga nimejifunika hadi kichwani.

Kesho yake nikafika nyumbani jua limepanda. Kitu cha kwanza nilichokiona ni namba za rangi nyekundu kwenye mashina ya minazi. Mnazi mmoja baada ya mwingine, yote imeandikwa. Na mlangoni kwangu amekaa mwanamke simjui, anapepeta mchele kwenye ungo wangu.

Nikamwuliza, "Wewe nani?" Akanijibu bila kuinua macho kwamba yeye ndiye mke wa nyumba.

Sikupiga kelele. Watu huniuliza mpaka leo kwa nini sikupiga kelele, na mimi sijui.  Nikageuka nikaenda kwa Bi Somoe, na yeye aliponiona akashika mdomo. "Yarabi! Kumbe umerudi?"

Akanieleza yote. Watu wa kampuni walikuja jana, pamoja na chefe. Walipofika shambani kwangu wakakuta Sefu amesimama, na yule mwanamke pembeni yake. Walipouliza mwenye shamba nani, majirani wakasema ni la mama Zaituni. Sefu akainamisha kichwa kama mfiwa. Akasema, "Mama Zaituni ameniacha, amehamia Tanzania kwa binti yake, ameondoka na mkeka na sufuria, na shamba ameniachia. Kama mnaona nasema uongo, waulizeni wanawake waliokuwa wakienda kisimani."

Wakaulizwa. Bi Somoe ni mwanamke wa swala tano, hasemi uongo. Akaulizwa, je, alisema amemwachia shamba? Akajibu alisema. Wengine nao wakasema ndiyo, alisema. Na kweli nilisema! Hakuna hata mmoja aliyewauliza kama nilikuwa nacheka.

Bi Somoe alilia mpaka akapaliwa. Mimi ndiye niliyembembeleza yeye.

Nilikwenda kwa chefe. Nilikwenda ofisi za serikali Palma, nikasimama foleni juani na kanga yangu ile ile. Kila aliyenisikiliza aliniuliza swali moja: mama, siku ya kuhesabu ulikuwa wapi? Na mimi nikajibu kila mara, nilikuwa Mtwara, natembea. Wananitazama... halafu wanamwita mtu wa nyuma yangu.

Sefu mwenyewe nilionana naye mara moja tu, barabarani. Nilimwuliza, nilikukosea nini? Akasema sikumkosea kitu. Akasema maisha yake yote ameishi kwenye shamba la mwanamke, na ameona huu ndio wakati wake naye kuitwa mwenye nyumba. Basi. Akaniacha pale pale na talaka yangu. Afadhali angenipiga!

Fidia akapewa yeye. Nyumba mpya ya bati ikawa yake na yule mkewe. Zaituni aliniita nikaishi kwake, nikakataa, nisije nikawa kweli nimehamia Tanzania kama alivyosema baba yake.

Enyi wanawake wenzangu, na hata nyinyi wanaume, nawaomba. Anayekupenda akikupangia safari, mshukuru, lakini uliza na wengine. Uliza maji, uliza njia, uliza na siku yenyewe ina nini. Usimwachie mtu elimu ya kitu ambacho maisha yako yanakitegemea, hata kama unalala naye kitanda kimoja. Na kama kuna siku watu watakuja kuuliza hiki ni cha nani, simama hapo wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Mjukuu atasubiri. Msipite nilipopita mimi.

Siku hizi napika wali na kuwauzia madereva wa matrekta, kwenye uwanja walioufyeka. Ni pale pale palipokuwa shamba langu. Juzi kijana mmoja, mgeni kutoka kusini, alikuwa anakula, akaniuliza, "Mama, hapa zamani palikuwa na nini?"

Nikamwambia palikuwa na minazi.

Akauliza ilikuwa ya nani.

Nikamwuliza kama nimwongeze mchuzi.